Kihamba na Watu Wake: Mkulima wa Kilimanjaro kati ya familia, ukoo na sheria

Katika miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Mwika na Rombo, familia nyingi zinakabiliwa na swali ambalo vikao vya ukoo vimeshindwa kulimaliza: kihamba kilichowalisha na kuwasomesha watoto wa vizazi vitatu au vinne kitabaki mikononi mwa nani, iwapo anayekitunza leo ni mzee, watoto wake wanaishi Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, na eneo lenyewe limekwisha kugawanywa mpaka haligawanyiki tena?

Kihamba ni shamba la nyumbani la Wachaga, yaani kipande cha ardhi ya ukoo ambacho juu yake hujengwa nyumba, hupandwa migomba, kahawa, miti na mboga, hufugwa ng'ombe na mbuzi, na huzikwa wafu wa familia. Ardhi ya namna hiyo ni mali na ni kumbukumbu kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu mgogoro juu ya mita chache za mpaka unaweza kuwatenga ndugu wa tumbo moja kwa miaka mingi.

Lawama za kudhoofika kwa vihamba huelekezwa mara nyingi kwa vijana, wanaosemwa kuwa wameacha jembe wakafuata mji. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Ukweli ulio mzito zaidi ni kwamba mkulima wa kihamba ameishi kwa mtandao wa wajibu kwa familia na majirani, na kwamba nguzo za mtandao huo, ambazo ni ardhi ya kutosha, bei ya kahawa inayolipa na haki ya wazi ya anayelima, zimelegea moja baada ya nyingine.

Tabaka nne katika eneo dogo

Vihamba huenea, kwa makadirio, kati ya mita 1,000 na mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya msitu wa mlima wenye kilele cha mita 5,895 na juu ya nyanda kavu zinazolimwa mahindi. Mimea yake hupangwa kwa tabaka. Juu kabisa husimama miti mirefu kama mringaringa, msesewe na mgrevilea, inayotoa kivuli, kuni, mbao na majani ya mifugo, chini yake hufuata migomba, kisha mibuni, na karibu na ardhi huwapo magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga za majani.

Mpangilio huo ni matokeo ya hesabu makini. Kahawa aina ya Arabika hustahimili kivuli cha wastani, mgomba hutunza unyevu kwa shina lake na kwa majani yanayotandazwa chini, mizizi ya miti hushika udongo kwenye mteremko mkali, na ng'ombe anayelishwa zizini hurudisha rutuba kwa samadi. Uchunguzi wa kibotania uliofanywa na Andreas Hemp ulionyesha kuwa vihamba vya Kilimanjaro vina zaidi ya spishi 500 za mimea, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu, bali zimeachwa kwa kuwa mkulima anajua faida zake au haoni sababu ya kuzing'oa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 na Fernandes, Oktingati na Maghembe ulikadiria kuwa kihamba cha wastani kilikuwa na hekta 0.68, yaani karibu ekari moja na robo tatu, na kwamba kwa mwaka kiliweza kutoa takriban kilo 125 za maharage, kilo 280 za kahawa ya maganda na mikungu 275 ya ndizi. Kahawa ya maganda ni ile iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa kabla ya kukobolewa kiwandani.

Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu, wilayani Moshi, kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu kwa dunia nzima. Heshima hiyo ilistahili kabisa. Lakini cheti cha urithi hakimpi mkulima kijana ekari ya kurithi, wala hakimwambii mama mjane kama nyumba anayolala ni yake.

Mwaka wa mkulima

Maisha ya mkulima wa kihamba hayana msimu wa kukaa bure. Masika yanapoanza mwezi Machi, kazi huwa mara mbili, kwa kuwa familia nyingi, mbali na kihamba cha mlimani, hulima pia shamba la tambarare ambako hupandwa mahindi na maharage. Mtu huweza kuamka kabla ya alfajiri, kukamua ng'ombe, kuteremka mwendo mrefu kwenda kulima, kisha kupanda mlima jioni akiwa na mzigo wa majani kichwani. Mabua ya mahindi yanayobaki baada ya mavuno hupandishwa vivyo hivyo yawe chakula cha ng'ombe wa zizini.

Katika kihamba chenyewe, migomba hupunguzwa machipukizi ili kila shina lizae mkungu ulioshiba, majani makavu hukatwa na kutandazwa, samadi hufukiwa karibu na mashina, na mibuni hupogolewa ili iingize hewa na mwanga. Kuanzia katikati ya mwaka huanza uchumaji wa kahawa, unaoendelea kwa awamu hadi karibu na mwisho wa mwaka, kwa sababu buni za tawi moja haziivi kwa siku moja na anayejali ubora huchuma zile nyekundu tu na kuziacha nyingine.

Buni zilizochumwa hazingoji. Hutakiwa kumenywa siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono, kuchachushwa ili utelezi utoke, kuoshwa kwa maji safi, kisha kuanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa mara kwa mara mpaka zikauke sawasawa. Hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya thamani ya kahawa ya Kilimanjaro, na kazi hiyo hufanywa nyumbani na watu wa nyumbani, wakiwamo watoto wakitoka shuleni na bibi aliyeketi kivulini akichambua mbovu na nzima.

Mapato ya kihamba nayo yana ratiba na wenyewe. Fedha ya kahawa huja kwa msimu na kwa desturi imekuwa mikononi mwa baba, ikilengwa kwenye ada za shule, paa la nyumba, mahari au deni. Fedha ya ndizi na maziwa huja kidogokidogo mwaka mzima kupitia masoko kama la Mwika, na kwa desturi imekuwa ya mama. Hiyo ndiyo inayonunua chumvi, sabuni, mafuta ya taa, daftari na dawa. Atakayetaka kujua ni nani aliyeziweka kaya za Kilimanjaro hai katika miaka ambayo bei ya kahawa ilianguka, aitazame mikungu ya ndizi iliyobebwa kwenda sokoni.

> Fedha ya kahawa ilijenga nyumba. Fedha ya ndizi na maziwa iliwalaza watoto wakiwa wameshiba.

Mfongo, mbege na msiba

Hakuna mkulima wa mlimani aliyewahi kulima peke yake, kwa kuwa maji yenyewe hayakuruhusu. Mfongo ni mfereji wa asili uliochimbwa kwa mkono kuchukua maji kutoka mtoni, mara nyingi kwenye korongo la juu, na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba. Mifongo ya Kilimanjaro huhesabika kwa mamia, na mingine ilikuwapo kabla ya ukoloni. Wageni wa Ulaya waliofika katika karne ya 19 waliistaajabia, na mmisionari Bruno Gutmann, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga kilichochapishwa mwaka 1926, aliona kuwa taratibu za mfongo ni sehemu ya sheria hizo.

Taratibu hizo ni rahisi kuzieleza na ngumu kuzikwepa. Ukoo uliochimba mfongo ndio wenye usemi juu yake, maji hugawiwa kwa zamu, na kila anayetumia hutakiwa kushiriki katika kufukua tope na kutengeneza banio baada ya mvua kubwa kulibomoa. Asiyefika kazini hutozwa faini, ambayo zamani ilikuwa mbege au mbuzi na siku hizi ni fedha, na anayerudia kosa hufungiwa maji. Majirani wa Upare wana utaratibu wa jamaa moja, wa kukusanya maji katika bwawa dogo liitwalo ndiva kabla ya kuyagawa.

Mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi inayokolezwa uchungu kwa gome la msesewe, nayo imekuwa chombo cha mahusiano kuliko kileo. Huandaliwa kwa posa, kwa harusi, kwa kuwaita watu wa kazi na kwa kupatanisha waliogombana, na mzee humpa mwenzake kibuyu kwa mpangilio unaojulikana. Katika kuomba msamaha hutumika sale, jani la mmea unaopandwa pia kuwa mpaka wa vihamba na alama ya makaburi. Anayepelekewa jani hilo kwa desturi hapaswi kukataa maombi. Mmea uleule unaotenganisha shamba la mtu na la jirani yake ndio unaowarudisha kwenye mazungumzo mpaka huo unapozua ugomvi, na mpangilio huo wa kijamii unastahili kuheshimiwa na yeyote anayetunga sheria za ardhi.

Msiba ndio kipimo kikali zaidi. Anapofariki mtu, majirani huacha kazi zao, wanawake huleta ndizi, maziwa na kuni, wanaume huchimba kaburi ndani ya kihamba, na mchango huandikwa daftarini kwa jina. Mkulima ambaye daima amekuwa wa kwanza kufika kwenye misiba ya wenzake hana wasiwasi juu ya siku yake. Wajibu huo una gharama kubwa, na wapo wanaolalamika, kwa haki, kwamba michango ya misiba na sherehe inakula mtaji wa shamba. Lakini kaya isiyo na bima wala pensheni imekuwa ikitegemea daftari hilo kuliko benki.

Kahawa iliyojenga ushirika

Kahawa iliingia mlimani mwishoni mwa karne ya 19 kupitia wamisionari Wakatoliki wa Kilema. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza wakulima Waafrika waipande, jambo lililowaudhi walowezi waliohofia kupoteza vibarua na soko. Wakulima hawakusubiri kutetewa. Mwaka 1925 walianzisha Kilimanjaro Native Planters' Association, wakiongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU, ambacho kwa miongo kadhaa kilikuwa mfano uliotajwa barani kote.

Ushirika huo uliweka mizani karibu na mkulima, ukampa pembejeo kwa mkopo uliokatwa kwenye mauzo, na ukachangia shule na masomo ya watoto. Haukuwa wa amani wakati wote. Mwaka 1937, bei zilipokuwa chini na wakulima wakilazimishwa kuuza kwa njia moja tu, zilitokea ghasia dhidi ya majengo ya vyama. Mkulima wa mlimani alikuwa mwanachama, na alikuwa pia mdai wa haki ndani ya chama chake; sifa ya pili haipungui uzito kuliko ya kwanza.

Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuikabidhi biashara ya mazao kwa mamlaka za umma. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu virudi, lakini imani iliyovunjika haikurudi kwa tangazo la gazeti la Serikali. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawa mauzo ya kahawa kwa nchi ulianguka, bei ya dunia ikaporomoka, na katika miaka ya 1990 Tanzania ikafungua soko kwa wanunuzi binafsi. Mkulima aliyekuwa akipata mrututu na dawa nyingine kwa mkopo wa chama alijikuta akihitaji fedha taslimu kabla ya kuvuna, na wengi waliacha kupulizia.

Madhara yake yalionekana kwenye matawi. Aina za zamani kama N39 na KP423, zenye ladha inayosifiwa, hushambuliwa kwa urahisi na chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni zikiwa changa, na kutu ya majani. Mibuni iliyozeeka bila kutunzwa ilitoa mazao kidogo mwaka hadi mwaka. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), iliyorithi kituo cha Lyamungo kilichoanza katika miaka ya 1930, imekwisha kutoa aina chotara zinazostahimili magonjwa hayo, lakini kung'oa mibuni ya babu na kupanda hiyo mipya ni uamuzi wa miaka mingi mbele, ambao mtu asiye na uhakika wa ardhi yake hawezi kuufanya.

Juu ya nani auze kahawa, mvutano haujaisha. Baadhi ya vyama vya msingi vilijitenga na KNCU vikaunda mtandao wao wa mauzo. Mwaka 2018 Serikali ilielekeza kahawa ya wakulima wadogo ikusanywe kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao. Wanaounga mkono njia hiyo husema mkulima mmojammoja hana nguvu mbele ya mnunuzi mkubwa, na wanaoipinga husema chama kinachochelewesha malipo humsukuma mkulima kwa walanguzi. Kauli zote mbili zina ukweli, na zinakutana mahali pamoja: mkulima hulinda chama kinachomlipa kwa wakati na kumwonyesha hesabu.

Ardhi ikigawanywa mara ya tatu

Mila ya Wachaga, kama alivyoieleza mwanaanthropolojia Sally Falk Moore katika kitabu chake cha mwaka 1986, ilimpa mwana wa kwanza kihamba chake anapooa, ikamwachia kitinda mimba nyumba na kihamba cha baba pamoja na jukumu la kuwatunza wazazi uzeeni, na ikawataka wana wa kati kutafuta pengine. Mpango huo uliwezekana enzi ambazo pengine hapo palikuwapo. Wakoloni wa Kijerumani na baadaye wa Kiingereza waliufunga mlima kwa pande mbili: juu palitengwa msitu wa hifadhi, na chini yakawekwa mashamba makubwa ya walowezi. Watu waliongezeka katikati.

Hesabu haihitaji mtaalamu. Hekta 0.68 ikigawiwa wana watatu, kila mmoja hupata zaidi kidogo ya nusu ekari, na wana wao wakigawana tena, kinachobaki hakitoshi nyumba, zizi na migomba ya kulisha kaya. Ndiyo maana watu wameondoka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,640,087 katika Mkoa wa Kilimanjaro, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,861,934, ongezeko la takriban asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati ongezeko la taifa lilikuwa asilimia 3.2.

Walioondoka hawakukata uhusiano. Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi na Rombo hujaa, mbuzi huchinjwa, makaburi husafishwa, ndoa hufungwa na vikao vya ukoo huitishwa. Fedha zao zimejenga barabara za vijiji, makanisa, shule na zahanati. Zimejenga pia, ndani ya vihamba, nyumba kubwa za matofali ambazo hufungwa miezi kumi na moja kwa mwaka, mahali pale palipokuwa na mibuni, zikilindwa na mzee mmoja au na mama asiye na msaidizi.

> Nyumba iliyofungwa miezi kumi na moja imesimama mahali palipolishwa watu kumi.

Anayelima bila jina

Sehemu ya mjadala huu inayofunikwa mno inamhusu mwanamke. Ndiye anayebeba majani ya ng'ombe, anayelima tambarare, anayechuma, kuosha na kuanika kahawa, na ndiye anayebaki wanaume wanapohama. Lakini katika mgawanyo wa kimila jina lake halimo: huolewa akaishi kwenye kihamba cha ukoo wa mume, na akifiwa hukaa kwa hisani ya wanawe wa kiume au ya mashemeji. Binti aliyerudi nyumbani kuwauguza wazazi wake, akalima kwa miaka mingi huku kaka zake wakiwa mjini, anaweza kuambiwa siku ya matanga kwamba yeye ni mgeni.

Sheria imekuwa na sauti mbili. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililohusu jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, liliwaweka mabinti katika daraja la mwisho la warithi na kumwacha mjane bila fungu lake mwenyewe pale marehemu alipokuwa na ndugu wa ukoo. Baada ya Haki za Binadamu kuingizwa katika Katiba mwaka 1984, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua mwaka 1990, katika kesi iliyotoka Kagera, ambako shamba la nyumbani la migomba huitwa kibanja, kwamba kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi hali mwanamume anaruhusiwa ni ubaguzi unaokiuka Katiba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikwenda mbali zaidi kwa kutamka kuwa mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo kinga ya maandishi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma kwa sauti ndani ya kikao cha ukoo, siku ambayo wazee wanagawa mashina ya masale.

Wapo wanaopinga kwa hoja isiyopaswa kudharauliwa. Wanasema binti akirithi na kisha kuolewa kwingine, ardhi ya ukoo itaingia mikononi mwa ukoo mwingine, makaburi ya mababu yatakuwa uani kwa wageni, na mfongo utakuwa na watu wasioshiriki kufukua. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini haimhusu binti peke yake. Vihamba vilivyouzwa kwa watu wasiojulikana, mara nyingi kwa siri na kwa ajili ya madeni, viliuzwa na warithi wa kiume waliokuwa na mamlaka yote ya kimila, na mila haikuwazuia.

Mvutano wa msituni na mashambani

Juu ya vihamba kuna ukanda uitwao Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanakijiji wapate kuni, majani ya mifugo na miti ya kujengea bila kuingia katika msitu wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilipopanuliwa kuanzia mwaka 2005 kwa kuingiza msitu wa hifadhi, matumizi ya ukanda huo yalibanwa. Wahifadhi wana hoja nzito, kwa kuwa maji ya mifongo hutoka msituni, unaonasa mvua na ukungu, na msitu ukiisha hakuna kihamba kitakachosalimika. Barafu ya kilele ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007, lakini mchango wake katika mito ulikuwa mdogo daima ukilinganishwa na wa msitu.

Wanakijiji nao wana hoja isiyojibiwa kwa doria. Ng'ombe wa zizini anahitaji majani kila siku. Akikosa, samadi hukosekana. Samadi ikikosekana, migomba hudhoofika. Na migomba ikidhoofika, mkulima hukata miti ya kihamba chake auze mbao. Anayebeba gharama ya hifadhi kwa kichwa chake ni mwanamke yule yule aliyetajwa hapo juu, ambaye sasa hutembea mbali zaidi kutafuta mzigo wa majani.

Kuna pia wanaotaka kihamba kibadilike kabisa: kahawa ing'olewe, zipandwe parachichi, nyanya au mboga za sokoni. Mkulima mwenye watoto shuleni ana haki ya kutafuta zao linalolipa, na kumwambia alinde urithi wa dunia kwa njaa yake ni kumdhulumu. Hata hivyo mboga za jua kali hudai miti ikatwe, na mteremko uliovuliwa miti hupoteza udongo kwa masika machache. Parachichi linalopandwa pembeni mwa migomba na mibuni mipya inayostahimili magonjwa ni njia iliyo karibu zaidi na maarifa ya wenyeji kuliko kufyeka na kuanza upya.

> Mila haikuwazuia wana wa kiume kuuza kwa siri. Kwa nini iwazuie mabinti kulima kwa wazi?

Kinachoweza kufanyika Desemba hii

Mambo mengi yanayokikabili kihamba hayamo mikononi mwa kaya: bei ya dunia, mvua zinazopotea njia, mipaka ya hifadhi. Moja limo mikononi mwake. Sheria ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, yaani cheti kinachotolewa na kijiji kuthibitisha haki ya mwenye ardhi, kuandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja, au ya watu wa familia moja wanaomiliki kwa ubia. Familia isiyotaka kugawanya ekari moja vipande vitano inaweza kuamua kihamba kisigawanywe, kiandikwe kwa jina la anayekilima, na haki ya wengine ya kurudi, kujenga kidogo na kuzikwa ikaandikwa katika makubaliano ya ukoo yenye mashahidi.

Uamuzi huo unafanywa vizuri zaidi wazee wakiwa hai na wenye akili timamu, kabla ya matanga, na mbele ya wanawake waliolima. Kwa hiyo familia zitakazopanda mlima mwaka huu, pamoja na mbuzi na zawadi za watoto, ziweke ajenda hiyo mezani, zimwite mtendaji wa kijiji na wazee wa mfongo wawe mashahidi, na ziandike katika karatasi jina la mama, la binti au la kijana ambaye mikono yake ndiyo imekiweka kihamba hai.